Mtani Kizimbani

Mzee aliyeshtakiwa kwa kuiba baiskeli ya marehemu baba mkubwa alidhaminiwa na dada wa marehemu mwenyewe, shangazi yangu. Karani alimuuliza mara mbili kama hajachanganya upande.

"Sijachanganya," alisema. "Huyu mtani wangu. Akifungwa, mimi nikifa nani atanitukana?"

Siku ya maziko, huko Kibuta, mzee huyo, jirani yetu Mnyamwezi, alifanya kazi ya mtani kama tulivyoizoea sisi Wazaramo. Alilala kaburini akidai ushuru. Kisha akaipanda baiskeli ya marehemu akaondoka nayo akipiga kengele, wafiwa wakicheka na machozi hayajakauka. Ilitakiwa tuikomboe kwa kuku. Lakini kaka, mtoto wa marehemu, amekulia Kibaha. Utani anausikia redioni. Sisi bado tunamkimbiza kuku, yeye kashafika polisi.

Mahakama ya mwanzo, karani akasoma shauri: Jamhuri dhidi ya mzee.

"Jamhuri?" shangazi alininong'oneza, mnong'ono wa kusikika hadi barazani. "Kwani ilikuja msibani?"

Hakimu, kijana mpole, akamgeukia mshtakiwa. "Ni kweli uliiba?"

"Nilichukua, mheshimiwa. Mchana kweupe, na kengele nikapiga."

"Kwa hiyo unakiri?"

"Kuchukua nakiri. Kuiba, hapana."

Hakimu akaandika kwamba amekana. Akatueleza kuwa kuchukua peke yake si wizi. Lazima ithibitike kwamba alikuwa na nia ya kuiba, na mzigo wa kuthibitisha ni wa upande unaoshtaki. Kaka akaanza kukagua viatu vyake.

Ndipo shangazi aliposimama bila kuitwa. "Samahani, mheshimiwa. Kwenu wapi?"

"Tabora, mama."

"Lahaula! Mnyamwezi, mtani mwingine! Nani kakukalisha kwenye kiti cha watu?"

Hata askari alicheka. Hakimu alijikaza, akashindwa, akafunga jalada. Haki, alisema, lazima pia ionekane inatendeka. Akajitoa, na shauri likapangiwa hakimu mwingine.

Kaka amegoma kufuta malalamiko. Sheria ni sheria, anasema. Mzee akitiwa hatiani anaweza kwenda jela kwa jambo ambalo babu zake walilifanya wakapewa kuku. Nimemuuliza karani kwao hakimu mpya ni wapi.