Mdomo wa Bibi Nimeubuni

Bibi alikuwa na picha moja tu maishani. Alipigwa picha hiyo alipovuka kutoka Burundi kama mkimbizi, kashikishwa kibao cha namba kifuani. Tangu hapo akiona simu imeinuliwa anajifunika kitenge usoni. Watoto wa jirani walikuwa wanamtania, lakini yeye hakuwa anatania.

Alipoanza kuumwa ini, na daktari wa Kasulu akatuambia turudi naye nyumbani Kibondo, aliniita.

"Wewe uliyesoma, nichore. Nataka hiyo ndiyo ibebwe mbele ya jeneza. Ile ya namba sitaki."

Mimi nilikuwa nimezoea kuchora mapafu na maua kwenye daftari la baiolojia. Nikasema sawa, kazi ndogo.

Siku ya kwanza alikaa kwenye kigoda anapukuchua maharage. Nikaanza na jicho, kwa sababu ndilo nilikuwa nalitamani. Kope moja moja, mikunjo yote, najisifu moyoni. Kufika chini ya mdomo, karatasi ya manila imeisha.

Bibi akaangalia, akacheka mpaka akakohoa. "Mwana wanje, mwanangu, kidevu umekila?"

Mama akadakia kutoka jikoni, "Si uchore kichwa kizima kwanza? Nyumba unaanza na dirisha?"

Nilinuna, ila alisema kweli.

Safari ya pili nilianza na umbo la kichwa, lakini nilikandamiza penseli kama naandika mtihani. Nikikosea, haifutiki. Nilisugua raba mpaka karatasi ikaota manyoya, halafu shavu likatoboka.

Ya tatu nilishika penseli kwa wepesi, mistari ya kuonekana kwa shida. Uso ukaanza kuja. Paji lake, pua yake, kabisa. Ila Bibi sasa alikuwa anasinzia, kichwa kinaangukia begani.

"Bibi, tulia basi kidogo!"

"Nikitulia zaidi ya hapa mtanizika."

Nilichoka kusubiri. Nikajiambia huu ni ujinga, simu ninayo mfukoni, nitamalizia mdomo kwa kuangalia picha. Alipofumba macho nikampiga picha. Sauti ya simu nilisahau kuizima.

Akafumbua macho. Hakufoka. Alivuta kitenge, akajifunika uso wote, akasema, "Na wewe?"

Basi. Niliifuta ile picha palepale mbele yake, namwonyesha, "Bibi ona, nimefuta," lakini hakutoa kitenge. Siku zilizobaki alilala ameelekea ukutani. Nikiingia anajua hatua zangu, anavuta shuka.

Tulimzika na msalaba tu mbele. Katekista aliuliza picha iko wapi, mama akajibu hakuna. Baadaye, tumekaa wawili, akaniuliza polepole, "Ile ya kwenye simu kweli uliifuta?" Nikasema ndiyo. Akainama, akaendelea kuosha vyombo.

Nimeshachora nyingine tano. Sasa naanza na kichwa kizima, sikandamizi, raba situmii hovyo. Mkono umejua, lakini wa kumwangalia hayupo. Ya jana nilimpelekea mama. Aliishika muda mrefu.

"Umechora vizuri," akasema. "Ila siyo yeye."

Nilikuwa najua. Pua ni yake. Mdomo nimeubuni.