Springi za Mtu Mmoja Aliyelala

Leodgar alikuwa dereva pekee Mpanda nzima ambaye abiria wake hawakuwahi kulalamikia mwendo. Utani huo ni wangu, na nilimtupia kila alipoleta gari gereji. Hakucheka hata mara moja, wala hakukasirika. Aliitikia tu "ndiyo," kama mtu aliyeulizwa iwapo leo ni Jumanne.

Kazi yake ilikuwa kupeleka marehemu makwao. Ukifiwa hapa mjini na kwenu ni Mwese au Mishamo, unampigia Leodgar. Anakuja na Land Cruiser yake pikapu, ile tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Jeneza linapakiwa nyuma, ndugu wanakaa kulizunguka na kulishikilia, safari inaanza. Kazi hiyo ilikuwa imemfuta uso. Ukimkuta harusini, ukimkuta msibani, sura ileile, kama picha ya kitambulisho.

Siku alipokuja kutaka gari liinuliwe, sote pale gereji tulishajua kilichomkuta. Springi zake za nyuma zilikuwa zimechoka hadi zimenyooka kama rula. Kwenye kilima cha kuingia Mwese, mahali mvua imekula barabara ikaacha mawe matupu, tangi la mafuta lilikalia jiwe. Gari halikwenda mbele, halikurudi nyuma. Ikabidi jeneza lishushwe, liwekwe chini katikati ya barabara, watu wasukume. Baba wa marehemu hakusema neno hadi makaburini. Huko ndiko alikomwambia Leodgar, "Mwanangu umemlaza njiani kama gunia la mahindi." Leodgar alijibu, "Ndiyo, mzee." Akaendesha kurudi mjini.

"Tunaliinua inchi nne," Malale alimwambia. Malale ndiye bosi wetu, Msukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya mto. "Inchi nne, na springi za mzigo mzito. Nakuagizia seti kamili kutoka Dar, inakuja na basi. Mawe utayapita kama tembo wa hifadhini."

"Nyuma kutakuwa juu kiasi gani?"

"Kifuani kwako," nikadakia. "Abiria wako itabidi wajifunze kuruka."

Malale akanikata jicho. Leodgar akasema, "Ndiyo."

Sasa, diploma yangu iliishia katikati kama barabara ya Mwese, lakini swali la kwanza la springi halihitaji diploma. Unamuuliza mtu anabeba nini siku nyingi. Springi za mzigo mzito zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo mzito. Usipouweka, gari linarusha mateke. Huku kwetu hatuulizi, kwa sababu kila gari tunajua litapakia mahindi. Siku ile niliuliza, na nakiri niliuliza kwa kejeli, maana jibu nilikuwa nalo.

"Kwani mzee Leo, siku nyingi unabeba nini?"

"Mtu mmoja, kalala."

"Na ndugu wa kushikilia."

"Safari hii hakuna wa kushikilia. Ni mimi na Faith."

Faith ni binti yake. Malale akaweka spana chini. "Nani kafariki, Baba Faith?"

"Hajafariki. Ni mama yake."

Akatueleza palepale, amesimama, mkono juu ya boneti, kwa sauti ya kusoma tangazo. Mkewe, Hilaria, alikuwa na kansa na ilikuwa imefika kwenye uti wa mgongo. Hospitali walisema hawana la kuongeza, wamrudishe nyumbani. Nyumbani ni Mwese, na Hilaria alikuwa ameomba jambo moja tu: asije akashushwa pale kwenye mawe.

"Aliisikia ile habari?" Malale akauliza.

"Mimi ndiye niliyemsimulia," Leodgar akasema. "Anaweza kutoka hospitali anapumua. Anaweza kutoka hapumui. Gari ni hilohilo."

Niliokota spana ya Malale, nikaifuta mafuta.

Uwanjani palikuwa na pikapu kama yake, ya mfanyabiashara wa mahindi, tuliyokuwa tumeifunga springi nzito wiki ileile. Leodgar akaomba tuijaribu. Malale akatupa godoro la mlinzi nyuma. "Nani atalala?" nikauliza, nikageuka kutafuta wa kucheka naye, nikakuta wote wananitazama mimi.

Alinipeleka barabara ya Kasokola. Nililala chali, mikono kifuani, kwa sababu sikujua pengine pa kuiweka. Alikwenda taratibu sana, lakini kila shimo lilininyanyua na kunirudisha chini kama maharage kwenye ungo. Aliposimama, akaja nyuma, akanitazama.

"Umeumia wapi?"

"Mgongo."

"Na yeye ni mgongo," akasema, akarudi kwenye usukani.

Hatukubishana tena. Tulichukua springi za mzigo wa kati, laini, na shokapu zake, za kuinua inchi mbili. Malale alihofia kwamba inchi mbili hazitalivuka lile jiwe. Leodgar akatoa kijiti nyuma ya kiti. Alikuwa amekikata kulekule kilimani, kwa urefu wa lile jiwe. Tulipomaliza kufunga, akanilaza tena nyuma pamoja na mtungi wa maji badala ya Faith, akakipitisha kijiti kimesimama wima chini ya tangi. Kilipita, na kidole changu kingeweza kupita juu yake.

"Ukipakia ukoo mzima litashuka," Malale akamwonya.

"Ukoo watapanda pikipiki."

Gari lililofungwa springi mpya lazima lirudi baada ya safari kadhaa, nati zikazwe upya. Alirudi. Nikaingia chini na spana. Ni rahisi kumuuliza mtu jambo ukiwa unaona viatu vyake tu.

"Mama Faith?"

"Tulimzika Jumamosi."

"Pole, baba. Safari..."

"Alikwenda anapumua," viatu vikasema. "Tulipokaribia nyumbani akaniuliza, yale mawe bado? Nikamwambia tumeshayapita zamani. Akasema mimi mwongo. Faith akamwinua kichwa, mwenyewe akaona mwembe wa jirani yetu."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Akalala. Alikaa na sisi siku kadhaa pale ndani, na dirisha wazi."

Nilikaza nati ya mwisho, nikaikaza tena ingawa haikuhitaji. Nilipotoka, uso wake ulikuwa uleule wa kitambulisho. Nyuma ya gari godoro lilikuwa bado lipo, na kile kijiti juu yake.

"Hiki nikitupe?" nikauliza.

Alikitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Kiache," akasema. "Tayari? Kesho nina mtu wa Mishamo."