Mkono Niliouombea

Mvua zikianza, baba alianza kumpiga mama, kwa sababu mvua ndizo zilizoleta ulanzi. Kwetu Kilolo, miaka ile kabla ya uhuru, kila nyumba ilikuwa na mianzi yake. Unakata ncha asubuhi na jioni, unatega kikombe, pombe inadondoka yenyewe. Baba alikunywa mpaka macho yakawa mekundu, kisha akamtafuta mama. Ngumi, mateke, kuni, chochote kilichokuwa karibu. Mwaka mmoja alimvunja ubavu mbele yangu, nikausikia ulivyolia.

Kiangazi mianzi ilikauka, baba akawa mpole, na mama akasimama kanisani kushukuru kwamba Mungu amemjibu. Kila mwaka! Nilimwonea hasira kuliko hata baba. Mungu gani huyo, anayejibu kiangazi tu?

"Hujui kuomba, binti yangu," aliniambia siku moja akijikanda uso kwa maji ya moto. "Usimwone baba yako alivyo. Fumba macho, uone ulichoomba kimeshakuwa. Kione kila siku, usichoke."

Nikajaribu. Baba mpole hakuja. Kila nikifumba macho kilichokuja ni mkono wake wa kulia umeinuka, na mimi nimening'inia kwenye mkono huo. Basi nikaomba hicho. Kisimani, shambani, nikisaga mahindi, nilijiona nasimama wapi, nashika wapi, chini kidogo ya kiwiko. Misimu mitatu ya ulanzi niliomba hivyo bila kuruka siku, na kila nilipomaliza nilisema Amina.

Msimu wa nne nilikuwa na miaka kumi na mitano. Jioni moja baba aliingia jikoni na mpini wa jembe. Mama akajikunja pembeni. Miguu yangu ilijua mahali pa kusimama. Nikaudaka mkono, nikaung'ata pia, ingawa hilo sikuwa nimeliomba. Alinipiga kwa mkono wa kushoto mpaka jino likatoka, damu ikanijaa mdomoni. Mpini ukaanguka.

"Achia," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia: "Mwanangu, achia, unaniumiza."

Nilimsikia vizuri. Nilifurahi. Niliukunja mkono ule kwa nyuma mpaka baba akapiga magoti kwenye majivu, na bado nikaendelea, nikitaka kuusikia ukivunjika. Mama ndiye aliyekuja kunibandua vidole, kimoja kimoja, akilia, akiniomba.