Betri Niliyosema Ni Mpya

Baba yangu alikuja kunitembelea Irving, Texas, mara moja tu, Januari ya mwaka 2019, na katika wiki sita alizokaa nilimfanya aseme uongo kuhusu mashine. Wanaomjua wataelewa uzito wa jambo hilo. Alikuwa fundi wa mashine za kusaga nafaka kule Kilosa kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwenye mashine akimwuliza kama injini itafika msimu wa mavuno, alimwambia ukweli hata kama ukweli huo ulimkosesha kazi. Vumbi la unga lilimwachia kifua kibovu. Baridi kidogo tu, anakohoa.

Sasa mtu mwenye kifua kama hicho alikuwa anafanya nini kwenye boti ya tanga katikati ya Januari? Nilimpeleka mimi, kwa sababu nilitaka anione.

Boti yenyewe ilikuwa yetu wawili. Mwenzangu ni rafiki yangu, msichana wa Kikenya, nesi wa Houston, na ndiye aliyenitia wazimu huo. Tulinunua kiboti cha zamani chenye injini ndogo ya dizeli, tukakiweka Kemah, kwenye ghuba ya Galveston. Watanzania wenzangu wa Dallas walinicheka mpaka wakachoka: wenzio wanajenga Kigamboni, wewe unaendesha gari saa tano kwenda kuosha boti bovu. Niliwaacha wacheke. Tulipenda hasa majira ya baridi, mbu wakiwa wamekufa na ghuba ikiwa tupu. Tulivaa makoti mazito, tukajaza chupa ya chai ya tangawizi na kwenda.

Kazi tuligawana. Yeye alishika matanga na kamba, mimi nikachukua injini na kila kitu cha umeme, kwa madai kwamba mimi ni mtoto wa fundi. Nilijivunia sana sentensi hiyo. Oktoba stata ya kuwashia injini ilianza kuzunguka kivivu asubuhi za baridi, na mwenzangu akaniambia, "Hii battery imechoka, bana. Tui-replace kabla winter ifike." Nikasema niachie mimi. Pesa nilikuwa nayo, na duka la vifaa vya boti liko karibu kabisa na gati. Sikununua. Kila nilipofika niliichaji kwa umeme wa gatini usiku kucha, asubuhi injini inawaka, nami najiambia bado ina maisha. Desemba akaniandikia kwenye WhatsApp: uliweka battery mpya? Nilikuwa kwenye kikao cha kazini. Nikamjibu kwamba nimeshaweka, nikarudisha simu mezani.

Basi tukaenda, baba, mimi na yeye. Mwenzangu alimwamkia baba shikamoo kwa uangalifu wa Mkenya aliyefundishwa neno hilo na marafiki, baba akaitikia marahaba huku akicheka, na tangu hapo wakapatana. Mgeni mwingine angekaa nje atazame ndege. Baba alishuka moja kwa moja kwenye injini. Akaikagua, akaipapasa, akafungua kisanduku cha betri.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ungaunga mweupe na ubavu mmoja umevimba. Juu yetu mwenzangu akasema, "Baba, hiyo battery ni mpya. Msichana wako ameinunua juzi tu."

Baba akanigeukia. "Ndiyo hii mpya?"

"Ndiyo, baba."

Akarudisha kifuniko polepole, akapangusa vidole kwa leso, akapanda juu kuketi. Sijui kwa nini sikusema pale pale. Ingenigharimu aibu ya dakika tano.

Injini iliwaka kwa shida, lakini iliwaka. Tukatoka, tukaizima, tukapandisha matanga. Kwa muda wa saa mbili hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Texas. Baba alishika usukani, akauliza maswali ya upepo, akamtania mwenzangu kwamba Wakenya wanapenda mbio hata majini.

Kisha upepo ukageuka. Ulikuja wa baridi kali, ukitoka mdomoni mwa mfereji tunaopitia kurudi gatini, na mfereji ule ni mwembamba, huwezi kuupanda kwa tanga upepo ukiwa umekukabili usoni. Lazima injini. Nikazungusha ufunguo. Tik. Nikazungusha tena. Tik. Baba alikuwa amejifunika blanketi na ameanza kukohoa.

"Si uliniambia ni mpya?" mwenzangu aliuliza. "Wacha ni-call watu wa kuvuta boti. Niko na shift saa moja jioni."

"Ngoja kwanza. Usiwapigie."

Hili sijawahi kumwambia mtu. Nilijua mtu wa kuvuta boti akifika, kitu cha kwanza atakachofungua ni kile kisanduku, na mwenzangu atakuwa amesimama hapo hapo anaangalia. Baba yangu alikuwa anakohoa kwenye baridi, na mimi nilikuwa nawaza kisanduku.

Baba aliweka blanketi pembeni, akashuka, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akaomba spana na kisu. Mwenzangu, ambaye alikuwa anaipeleka boti huku na huku tusisukumwe mbali, aliinama mlangoni akamwuliza, "Mzee, ni battery imekufa?"

Nilishikilia ngazi nikisubiri. Baba aliendelea kukwangua vile vichwa kwa kisu.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Betri ni nzima. Ni waya tu umelegea."

Akakaza nati ambayo haikuwa imelegea. Nilikuwa karibu, niliiona.

Kisha akatafuta juu ya injini kishikio kidogo ambacho mimi sikuwahi kukigusa. Hata mashine zake za kusaga zilikuwa nacho: ukikiinua, pumzi ya injini inatoka na inazunguka nyepesi, hata kwa betri ya kufa. Ikishapata mwendo unakiachia, inashika. Aliniambia nizungushe ufunguo, akakiinua, akakiachia, ikakataa. Tukaipumzisha betri, tukajaribu tena. Mara ya nne, baada ya kama saa nzima ya yeye kupiga magoti pale, injini ikakohoa moshi na kuwaka. Mwenzangu alimpigia makofi. Baba alipanda akiwa ameloa mpaka mapajani, midomo imekuwa ya kijivu.

Tulilala kwa mwenzangu, yeye akiwa kwenye shift yake, na asubuhi tukashika barabara ya kurudi. Baba alikohoa njia nzima. Tulipokaribia mji wa Corsicana nikashindwa kuvumilia.

"Baba, ile betri."

"Niliiona."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningekuvua nguo mbele ya mwenzako?" Akavuta pumzi kwa shida. "Lakini yule binti hakuniuliza kama baba yako. Aliniuliza kama fundi."

Nilitazama barabara tu. Baadaye akasema, bila ukali wowote, kwamba siku nitakapomweleza mwenzangu nisiufiche uongo wake yeye, nimwambie kuwa mzee naye alimdanganya, na kwamba anaomba radhi. Nikasema sawa, baba.

Kikohozi kilimkaa hadi siku ya kuondoka. Nilimpeleka kliniki mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia daktari kwamba mzee hajazoea hali ya hewa ya huku. Wiki ile ile ya boti niliendesha peke yangu mpaka Kemah, nikanunua betri, nikaifunga, nikaipeleka ile ya zamani dukani wakaichukua. Mwenzangu hakujua. Hata leo anamsifu baba kwa kila mtu, fundi aliyegundua tatizo kwa kutazama tu, nami nakaa hapo hapo nikisikiliza.

Nilijaribu kumwambia. Nilipanga maneno ndani ya gari, nikayarudia kuanzia Irving hadi Houston, na nikifika ananikaribisha chapati na kuuliza hali ya mzee. Nikimweleza, mzee anayemsifu anageuka mwongo. Hiyo ndiyo sababu ninayojipa. Ni sababu nzuri, ila naijua kuwa ya uongo, kwa sababu mzee mwenyewe ndiye aliyeomba aambiwe.

Baba alipofika nyumbani, kila nilipopiga simu alinisalimia, akauliza kazi, halafu akauliza, "Umeshamwambia?" Najibu bado. Anampa mama simu. Iliendelea hivyo mwaka mzima. Mwanzoni mwa 2020 nilipiga simu Jumapili moja, nikiwa nimejiandaa kujibu bado. Alinisalimia, akauliza kazi, akauliza kama huko kuna baridi, kisha akampa mama simu. Hajaniuliza tena.