Mkono Juu ya Ramani

Juma hili nilifuata cheti kwenye bureau moja ya serikali mjini Baraka, nikamwona karani akikosa mahali pa kugonga muhuri. Injinia aliyetumwa na serikali kupima chemchemi ya maji ya moto upande wa Lubondja, ili ijulikane kama joto la ardhini linaweza kutoa umeme, alikuwa ametandaza ramani mezani ili igongwe muhuri. Mama mmoja wa huko akaweka kiganja juu yake.

"Hapa munataka kufunga na waya ya senyenge?"

"Mwezi moja tu, mama," injinia akajibu. "Bantu bakioga, vipimo vinaharibika."

"Hapa tunaogesha bamama benye kutoka kuzala. Mutu akizala kesho, nimuambie angoje serikali imalize?"

Karani, muhuri ukiwa hewani, akasema: "Mama, toa mukono!"

"Gonga juu yake. Ntaenda nayo nyumbani."

Watu wakacheka. Injinia hakucheka, aliuliza wanaoga saa ngapi.

"Asubuhi, mbele jua ikuwe kali."

Akaandika pembeni ya ramani, akamsomea polepole: hakuna senyenge, asubuhi ni ya akina mama, vipimo vianze saa nne. Mama akataka asome tena. Akasoma tena. Ndipo mkono ukaondoka na muhuri ukashuka.

Umeme nautaka sana. Mimi nilisoma kwa taa ya mafuta mpaka masomo yangu yalipokatika. Serikali imelipia mashine, gari na injinia mwenye masikio, na imefanya vema. Lakini mama yule alikuja kwa miguu, na hakuna aliyekuwa amemwalika.