Damu Kwenye Mswaki wa Aline

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mdomo wa mtu. Kliniki ilikuwa mtaa wa Kigobe, na Muuguzi Mkuu, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alinisimamisha mbele ya sinki. "Osha mikono," akasema. Nikaosha. Akaigeuza, akatazama chini ya kucha. "Rudia." Asubuhi yote ikapita hivyo, mimi na sabuni. Jioni ndipo aliponiambia, "Mutu akikufungulia mdomo, amekupa siri yake. Usiipokee na mikono michafu."

Pale nilikaa miaka mingi, nikimshikia daktari taa na bomba la kunyonya mate alipokuwa aking'oa na kuziba meno. Kisha nikahamishiwa mtaa wa Kibenga, kwa Daktari wa kunyoosha meno, nikaikuta kazi nyingine kabisa. Jino halinyooshwi kwa nguvu. Hubandikwa kipande kidogo cha chuma, waya ukapitishwa juu yake, na waya ule hulivuta polepole, mwezi baada ya mwezi. Lakini chakula nacho hupenda vyuma. Sombe, yale majani ya muhogo, hujibana nyuma ya waya, ndagala, dagaa wa ziwani, huacha miiba yake humo, mkate hugeuka gundi. Daktari hukaza waya. Kusafisha ni juu ya mwenye mdomo, na kumfundisha ilikuwa kazi yangu.

Aline alikuwa mwanafunzi wa sekondari kutoka mtaa wa Mutakura, binti wa pekee wa mama mmoja wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyeuza vitenge. Meno yake ya juu yalipandana, na shuleni walimcheka mpaka akazoea kuongea akiwa amefunika mdomo kwa mkono. Tulipombandika vyuma alifurahi sana. Kisha mama yake akakwama ng'ambo kwa biashara, na mtoto akakosa wa kumleta. Mama aliporejea na kumleta kwetu, ufizi ulikuwa umevimba hadi kufunika nusu ya vyuma, na pumzi yake ilinuka.

Daktari alitazama, akavua glavu. "Tutavitoa," akasema. "Meno yanaanza kuoza pembeni ya chuma. Afadhali yapandane kuliko yaoze."

Aline hakulia. Alirudisha tu mkono mdomoni.

Aliyesema ni mama yake. "Dokta, kosa ni yangu. Aliniita asubuhi moja, brosi ya meno imejaa damu. Mi nikamwambia, acha, utajiumiza. Kabla niende nikamuachia chumvi, asukutue tu."

Nilimwomba Daktari tujaribu kwanza kumfundisha kusafisha. "Mpaka mwezi ujao," akasema. "Ufizi ukibaki hivi, natoa."

Nikampa Aline kidonge cha rangi atafune. Dawa ile hushika palipo na uchafu tu. Alipofungua mdomo, meno yalikuwa mekundu kuzunguka kila chuma. Mama akasogea.

"Ile nyekundu yote ni damu?"

"Apana, Mama Aline. Ni rangi imeshika uchafu. Uchafu huo ndio unaovimbisha ufizi, na ufizi uliovimba hutoka damu ukiguswa. Akiacha kusugua, unazidi."

Akautazama mdomo wa binti yake. "Basi ni mi nilimugonjesha."

"Ulimhurumia," nikasema. "Sasa tumsaidie."

Nikamwonyesha Aline kulaza mswaki laini ukielekea kwenye ufizi, kusugua taratibu juu ya chuma, kisha chini yake. Halafu kuchukua kijiswaki chembamba na kukipenyeza nyuma ya waya, kati ya jino na jino. Damu ikatoka. Mkono wake ukasita.

"Endelea," mama yake akasema. "Mi niko hapa."

Mwezi uliofuata Daktari alikagua ufizi, uvimbe ukiwa umepungua, kisha akachukua waya mpya. "Tunaendelea."

Siku ya kutoa vyuma, meno yalikuwa yamenyooka. Lakini kwenye mawili ya mbele palibaki madoa meupe, pale uchafu ulipokuwa umekaa. Daktari hakumficha: hayatatoka yote. Mama akaanza kuomba msamaha tena. Aline alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Mama, wacha," akasema. "Ulitaka nisiumie. Na meno yangu yote iko."

Dirishani niliwaona wakienda, binti akisimulia jambo, mikono yote miwili hewani.

Sasa nimestaafu; magoti yalikataa kusimama. Ninyi mnaoingia kazi hii mna vifaa bora kuliko vyetu, nami nafurahi. Ila mtu akija mdomo umevimba na unanuka, msianze na karipio. Muulizeni kwanza aliogopa nini. Aline alisaidika kwa sababu mama yake alithubutu kumrudisha na kusema alichoogopa. Wapo walioona haya, wakabaki makwao na vyuma vyetu mdomoni, na hatukuwaona tena. Nikikaa nyumbani, hao ndio ninaowafikiria: wako wapi, na ni nani aliyewatolea vyuma hivyo.