Nondo za Dirishani

Mimi ni fundi wa kujenga nyumba, na kwa miaka mingi nilijenga hapa Bwera nikiogopa kitu kimoja tu: wezi. Mji wetu unatazamana na Kongo. Mchana kutwa watu wanavuka na mizigo, bodaboda zinapiga honi, na jua likishuka kila mtu anakagua makufuli yake. Mteja akija kwangu haulizi msingi una kina gani. Anauliza kama grili za madirisha ni za nondo nene.

Tetemeko tunaliita musisi, na tumezaliwa nalo. Vikombe vinagongana, mbwa wanabweka, mtu anasema, "Musisi huyo," kisha anaendelea kumenya ndizi. Wazee walituambia ni mwenye mlima anajigeuza usingizini.

Mimi nilijiona najua zaidi. Niliwahi kuitwa pamoja na mafundi wenzangu kwenye semina kule Nyamwamba, Kasese mjini, na mtaalamu wa miamba akaja na donge la unga wa chapati. Alilivuta pande mbili, taratibu. Katikati likakonda, likapasuka. Akasema ardhi ya bonde letu inavutwa hivyo hivyo, polepole kama kucha zinavyoota, na miamba ya chini ikiteleza ghafla kwenye nyufa zake, sisi huku juu tunatikisika. Pale ufa unapoupa njia mwamba ulioyeyuka, volkano hutoka, kama zile za ng'ambo, Kongo, na yale mashimo ya kale upande wa Katwe. Mlima wetu wenyewe, Rwenzori, si volkano. Ni pande la mwamba lililosukumwa juu kati ya nyufa. Mwisho akatusihi: nyumba ya tofali ifungwe mkanda wa zege wenye nondo, juu ya madirisha, kuzunguka kuta zote. Tulipiga makofi, tukanywa chai, tukarudi makwetu.

Mwaka uliofuata nilimjengea mama nyumba hapa Bwera, nikamwahidi mkanda huo. Baba alikuwa amefariki, na sikutaka mama abaki peke yake Karusandara kwenye nyumba ya miti na udongo. Nondo nilizokuwa nazo hazikutosha mkanda na grili kwa pamoja. Nilikaa juu ya lundo la tofali nikawaza: musisi huja akipenda, mwizi huja kila wiki. Nondo zikaenda dirishani. Juu ya madirisha nikalaza mbao, nikapiga plasta, nikapaka rangi ya kijani. Mganga hajigangi.

Mama aliipenda nyumba ile. Alijifungia kwa kufuli kubwa, hata mchana akitaka kujinyoosha, na ufunguo akauzika ndani ya debe la unga wa muhogo ili mwizi asiupate. Jirani yake, mama mmoja Mkongomani kutoka Butembo aliyeuza vitenge, alimcheka.

"Mama, hii iko nyumba ao gereza?"

Huyo ndiye aliyemfundisha kuingia chini ya meza ardhi ikitikisika. Mimi niliwacheka wote wawili.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama alikuwa amelala ndani na mimi naosha miguu uani. Nikasikia mngurumo kama lori linapanda kilima, kisha ardhi ikaanza kuyumba. Nilikimbilia dirishani nikapiga kelele, "Mama, toka! Toka!" Nilizishika nondo nilizozikata kwa mkono wangu, nikazivuta kwa nguvu zangu zote. Hazikusogea hata kidogo. Nilikuwa fundi hodari siku ile nilipozifunga.

"Acha kelele!" jirani alinifokea kutoka uani kwake. "Mutu anakufaka juu ya kukimbia! Mama, ingia chini ya meza!"

Ufa ulianzia kwenye pembe ya dirisha ukapanda hadi kwenye paa, nikiutazama. Kisha kukatulia. Ukuta ulikuwa bado umesimama, kwa huruma ya Mungu, si kwa kazi yangu.

Mama alifungua mlango baada ya muda mrefu, mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni. Aliutazama ufa.

"Ulisema juu ya ukuta kutakuwa na nondo," aliniambia kwa Kikonzo chetu. "Ziko wapi?"

Nilimwonyesha dirisha. Sijawahi kuona aibu kama ile. Mama alichukua mkeka wake wa kulalia, akahamia kwa jirani.

Niliezua paa. Nikazikata grili zote, nikamwaga mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka kuta zote, na kwenye madirisha nikaweka mbao zinazofunguka kwa nje. Mlangoni nikatia komeo la kusukuma kwa kidole. Mama akarudi.

Baada ya miezi mitatu hivi mwizi akaingia dirishani, akachukua redio na sufuria mpya. Nilifika asubuhi nikifoka, nimebeba nondo begani, nimeshaamua kurudisha grili. Mama alikuwa anakunywa chai na jirani yake.

"Rudisha hizo ulikozitoa," alisema. "Ameingia na kutoka na sufuria mkononi, hata mimi sijaamka. Sasa najua mlango wangu wa pili unafanya kazi."